Vidonge vya antioksidanti, mazoezi na moyo: majibu kwa wanaomeza vidonge na kuacha dawa

Siku hizi mgonjwa wa presha akimwaga dawa zake mezani, mara nyingi kopo kubwa kuliko yote ni la vitamini C, vitamini E au mchanganyiko ulioandikwa "antioksidanti". Dawa ya presha haimo. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: hivi vinalinda moyo, na mazoezi sina muda nayo. Majibu haya ni kwa ajili yake, na pia kwa yule anayefanya mazoezi kwa bidii huku akimeza vidonge hivyohivyo akiamini vinaokoa misuli yake.

Msongo wa oksidisho ni nini hasa?

Seli zinapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa chembe kali zinazoitwa radikali huru. Chembe hizi hudhuru mafuta ya kuta za seli, protini na DNA. Mwili una vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vya kuzizima, na vitamini C na E zinazotoka kwenye chakula husaidia kazi hiyo; ndiyo maana huitwa antioksidanti. Radikali huru zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, hapo ndipo tunaposema kuna msongo wa oksidisho.

Kwa nini moyo na misuli hutajwa kila mara?

Kwa sababu ndiko oksijeni inakotumika kwa wingi. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na karibu theluthi moja ya ujazo wa seli zake ni mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Misuli ya miguu nayo hutulia ukikaa, lakini ukianza kukimbia mahitaji yake ya oksijeni hupanda mara nyingi. Sigara, sukari isiyodhibitiwa, presha ya juu na kukaa kutwa nzima huongeza radikali huru kwenye mishipa ya damu. Lehemu mbaya (kolesteroli) ikishapenya kwenye ukuta wa mshipa huoksidishwa humo, na uvimbe wa mafuta unaokuja kuziba mshipa huanzia hapo.

Kama mazoezi yenyewe huzalisha radikali huru, si yanadhuru moyo?

Hapana. Swali hili lina mzizi wa kweli, ndiyo maana halifi. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walipima misuli ya panya waliokimbizwa hadi kuishiwa nguvu, wakakuta radikali huru zimeongezeka mara mbili hadi tatu. Watu wengi waliishia hapo wakahitimisha kwamba jasho ni sumu.

Kilichofahamika baadaye ni kwamba ongezeko hilo la muda mfupi ndiyo ishara inayouamsha mwili. Seli ya msuli ikipata ishara hiyo hutengeneza vimeng'enya zaidi vya kuzima radikali huru, kama vile superoksidi dismutasi na glutathioni peroksidasi, na huongeza mitokondria zinazofanya kazi vizuri. Mtu anayefanya mazoezi kwa utaratibu huishia kuwa na ulinzi mkubwa kuliko aliyekaa, kwenye misuli ya mwili na kwenye moyo pia. Ulinzi huo haupatikani kwa siku moja, na ukiacha mazoezi hupungua ndani ya wiki chache.

Hatari ipo kwa asiyezoea anayeamka ghafla na kujilazimisha kupita uwezo wake. Uwezekano wa shambulio la moyo hupanda kwa muda wakati wa juhudi kali na mara tu baada yake, na mwili usiozoea ndio unaoumia zaidi. Kwa anayefanya mazoezi mara kwa mara, hatari hiyo hupungua sana. Anza kidogo, ongeza taratibu.

Basi nikimeza antioksidanti na kufanya mazoezi, sitapata faida mara mbili?

Unaweza kujipunguzia ile uliyoitolea jasho. Ishara tuliyoitaja hapo juu, kidonge cha kiwango kikubwa huizima kabla mwili haujaisikia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Ujerumani ulifuatilia vijana wa kiume waliofanya mazoezi kwa wiki 4. Baadhi yao walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E. Wasiomeza vidonge, miili yao ilianza kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi, jambo ambalo mwenye kisukari analihitaji kuliko mtu yeyote. Waliomeza vidonge hawakuipata faida hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Norwei walifuatilia watu waliofanya mazoezi kwa wiki 11, kundi moja likimeza dozi zinazokaribiana na hizo. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa makundi yote mawili, lakini ndani ya msuli dalili za kuongezeka kwa mitokondria zilififia kwa waliomeza vidonge. Kwa hiyo si kila kitu huharibika. Ila sijaona sababu ya kumtuma mtu anunue kitu kinachopunguza matunda ya jasho lake.

Hata kama si kwa misuli, vitamini E inalinda moyo, sivyo?

Hapana, hailindi. Jambo hili lilipimwa kwa watu halisi, wengi, kwa miaka.

Utafiti wa HOPE, uliotoa matokeo mwaka 2000, uliwapa watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo ama uniti 400 za vitamini E kila siku ama kidonge kisicho na dawa. Mashambulio ya moyo, viharusi na vifo havikupungua. Walipoendelea kufuatiliwa, matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha waliomeza vitamini E walipata moyo kushindwa kufanya kazi kwa wingi zaidi. Uingereza, mwaka 2002, watu 20,536 walipewa ama vitamini E, C na beta-karotini (antioksidanti nyingine, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) kwa pamoja ama kidonge kisicho na dawa: hakuna faida kwa moyo. Na Ufini, mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Wewe unayevuta na kumeza vidonge ili "kusawazisha", soma tena sentensi hiyo.

Niliacha dawa ya presha nikaanza vidonge hivi na sijisikii vibaya. Si ushahidi kwamba vinafanya kazi?

Si ushahidi. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Unaweza kuwa na 180 kwa 110 ukala, ukacheka na ukalala vizuri, huku mshipa wa ubongo ukisubiri kupasuka. Anayejua presha yako ni mashine ya kupimia. Hisia zako hazijui.

Kidonge cha antioksidanti hakichukui nafasi ya dawa ya presha. Hakichukui nafasi ya dawa ya kisukari. Hakichukui nafasi ya dawa ya lehemu. Kama dawa yako inakuletea kikohozi, kizunguzungu au kuvimba miguu, njoo useme, maana zipo nyingine. Lakini kuiacha kimyakimya na kuweka vitamini mahali pake, halafu kuletwa mkono mmoja umelegea na mdomo umepinda, ni jambo tunaloliona mno na tungependa likome.

Nifanye mazoezi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukianzia sifuri, dakika kumi za kutembea haraka kila siku zinatosha kwa mwanzo.

Mwenye ugonjwa wa moyo naye anahitaji kujisogeza, kwa kiwango atakachopangiwa na daktari wake. Kukaa kitandani kwa hofu hakumponyi.

Na matunda na mboga?

Kula, na kwa wingi: gramu 400 kwa siku au zaidi. Antioksidanti za chakula huja pamoja na nyuzinyuzi, potasiamu na mambo mengine mengi, tena kwa viwango vidogo ambavyo mwili umevizoea. Na kama daktari alikuandikia kirutubisho kwa upungufu uliopimwa, endelea nacho. Ninayemzungumzia hapa ni yule anayejinunulia dozi kubwa.

Kifua kikibana nikiwa mazoezini, nimeze nini?

Usitafute cha kumeza. Simama. Kaa chini. Kama kubana hakupungui ndani ya dakika chache, au kumeenda begani, mkononi, shingoni au kwenye taya, au kuna jasho baridi, pumzi kukata au kichefuchefu, nenda hospitali sasa hivi. Usiendeshe gari mwenyewe.

Usiseme ni gesi. Usiseme ni misuli. Usiseme utaangalia asubuhi. Usimeze vidonge vya kopo ukingoje vikusaidie, kwa sababu havitakusaidia. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli ulio mbele yake hufa dakika baada ya dakika, na ukishakufa haurudi. Mwenye kisukari na wanawake wengi huenda wasipate maumivu makali kabisa: huwa ni uchovu wa ghafla usioelezeka, pumzi fupi, tumbo kuchafuka. Nao waje, hata kama wanaona aibu kusumbua watu.

Na kama kubana huko huja kila ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, usizoee. Hiyo ni dalili ya mshipa uliosinyaa. Nenda ukapimwe wiki hii, na mazoezi makali yasubiri.

Misuli ikiuma baada ya mazoezi?

Maumivu yanayoanza siku moja au mbili baadaye na kupungua polepole ni ya kawaida. Lakini misuli ikivimba na kulegea, na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia iliyokolea, hiyo ni dharura: misuli imeanza kumeguka na mabaki yake yanaumiza figo. Usitulize maumivu hayo kwa diklofenaki au ibuprofeni, maana zinaiongezea figo mzigo.

Nina kopo nyumbani, limejaa. Nifanyeje?

Lilete kliniki pamoja na dawa zako zote, hata ulizoacha, tulisome pamoja. Sema hasa kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa vitamini E nyingi huongeza hatari ya kuvuja damu. Sema pia kama umewahi kupata mawe kwenye figo, kwani vitamini C ya dozi kubwa huweza kuyaongeza. Na kama uliacha dawa ya presha, usingoje tarehe ya miadi yako: njoo upimwe leo.