Je, wajua kwa nini vidole hukosea unapopewa kompyuta yenye mfumo endeshi mwingine kazini?

Mtu ametumia Windows tangu chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari hadi ofisi ya mwisho aliyofanyia kazi, kisha anaajiriwa na kampuni inayowapa wafanyakazi wake kompyuta za Mac. Kazi yenyewe anaijua vizuri: anaandika ripoti, anapanga hesabu kwenye majedwali, anatuma viambatisho bila kumsumbua mtu. Asubuhi ya kwanza anachagua aya, anabonyeza Ctrl na C, anafungua barua pepe, anabonyeza Ctrl na V, na badala ya aya kubandikwa kishale kinaruka kuelekea chini ya maandishi. Anajaribu Ctrl na A ili achague yote. Kishale kinakimbilia mwanzo wa aya. Ukimuuliza, atakujibu mara moja kwamba kwenye Mac hutumika Command, kwa sababu alishaambiwa hivyo alipokabidhiwa kompyuta. Mbona basi kidole kinaendelea kwenda kwenye Ctrl? Na kwa nini mifumo hii, ambayo yote ina madirisha, folda na kishale, haikuafikiana hata juu ya jambo dogo kama kunakili?

Swali la kwanza linahusu kumbukumbu. Ujuzi wa mikono hautunzwi kichwani kwa namna ileile unavyotunzwa ujuzi wa kueleza mambo kwa maneno. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alitoa taarifa juu ya mgonjwa aliyejulikana kwa herufi H.M., ambaye baada ya upasuaji wa ubongo mwaka 1953 hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Alifundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo, na siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, ingawa kila siku aliamini kwamba hajawahi kulifanya zoezi hilo. Mkono wake ulijifunza kitu ambacho yeye hakukijua.

Kwa kibodi, ushahidi ulio karibu zaidi nasi ulitolewa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani. Waliwachukua wachapaji wazoefu, waliochapa kwa wastani wa maneno 72 kwa dakika, wakawapa mchoro wa kibodi isiyo na herufi na kuwataka wazijaze kwa sekunde 80. Kwa wastani waliweza kuweka mahali pake herufi 15 tu kati ya 26. Watu walewale wanaoipata kila herufi bila kutazama hawakuweza kusema iko wapi. Ndiyo maana kumwambia mfanyakazi mpya kwamba hapa hutumika Command hakumsaidii sana. Maelezo hayo yanakwenda kwenye sehemu ya akili inayojibu maswali, ilhali anayekosea ni mkono, nao haukuwapo kwenye mazungumzo.

Ingetarajiwa basi kwamba mfumo ulio tofauti kabisa ndio ungekuwa mgumu kuliko yote. Haiwi hivyo. Pale jambo jipya lisipofanana na chochote cha zamani, mkono hauna la kupendekeza, kwa hiyo unangoja na kichwa kinafanya kazi yake. Taabu hutokea pale sura inapofanana na maana ikatofautiana. Dereva wa lori anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, ambako magari hupita kulia, hakosei kwenye kona mbaya ya mlimani ambako macho yote yako kazini. Hukosea kwenye njia panda tulivu inayofanana na njia panda zote alizowahi kupita. Wanasaikolojia huliita jambo hili uhamisho hasi: mafunzo ya zamani yanaingia bila hodi kwenye kazi mpya kwa sababu ishara zinazoyaita ni zilezile.

Swali la pili ni la kihistoria, na hapa kila kitufe kina ukoo wake. Kitufe cha Ctrl ni kikongwe kuliko kompyuta za mezani. Kilikuwapo kwenye mashine za kupeleka maandishi kwa waya, na kazi yake ilikuwa kutuma alama zisizochapwa kwenye karatasi bali zinazoiamuru mashine ya upande wa pili. Katika mpangilio wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake na uliotangazwa mwaka 1963, herufi C kubwa ina namba 67. Ukiishika pamoja na Ctrl, namba hiyo hupunguzwa 64, ikabaki 3, ambayo ni alama ya mwisho wa maandishi. Kwenye mifumo ya ukoo wa Unix, mfumo endeshi wa kale ambao Mac na Linux huufuata, Ctrl na C ikawa amri ya kuisimamisha programu inayoendelea. Kunakili hakukuwamo kabisa katika hesabu hiyo.

Kunakili na kubandika kwa namna tunayoijua kulitoka Palo Alto, California, katika kituo cha utafiti cha Xerox, ambako Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza katikati ya miaka ya 1970 programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983 herufi zilikuwa zimeshachaguliwa: Z, X, C na V, zilizopangana katika safu ya chini ya kibodi, karibu na kitufe maalumu cha Apple. Macintosh ya mwaka 1984 ikarithi utaratibu huo, na kitufe kile kikaitwa Command, kikiwa na alama ya mraba wenye pembe zilizokunjwa ambayo msanii Susan Kare aliipata katika kitabu cha alama, kwa kuwa Steve Jobs aliona nembo ya tofaa imeshatapakaa mno kwenye menyu. Kibodi ya Macintosh ile ya kwanza haikuwa na Ctrl hata kidogo. Ilipoongezwa baadaye ilikuta kazi za kila siku zimeshachukuliwa na Command, ikabaki na kazi zake za kale. Hata kile kishale kilichokimbilia mwanzo wa aya hakikuwa na hitilafu yoyote. Kilitii amri iliyorithiwa kutoka Emacs, kihariri cha maandishi cha miaka ya 1970, ambayo Mac imeitunza hadi leo.

Windows ilipita njia nyingine. IBM, katika mwongozo wake wa mwaka 1987 uliokusudia kuzifanya programu zote zitumike kwa namna moja, ilipendekeza Ctrl na Insert kwa kunakili, na Shift na Insert kwa kubandika. Mikato hiyo, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kutumia menyu, bado inafanya kazi kwenye Windows, ingawa wengi hawajawahi kuijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Microsoft ilichukua herufi za Apple, lakini kompyuta za IBM na za walioiga hazikuwa na Command, kwa hiyo herufi zikaunganishwa na Ctrl. Ndivyo tulivyofika hapa: herufi ni zilezile, kitufe cha kushikilia ni kingine, na kidole kinachokishika ni kingine pia, kwa maana Ctrl hushikwa na kidole cha mwisho pembeni mwa kibodi, na Command hushikwa na dole gumba kando ya kitufe cha nafasi.

Anayehamia Linux, mfumo endeshi wa tatu, anakutana na mtego uliofichika zaidi. Katika kivinjari na katika kihariri cha maandishi, Ctrl na C inanakili kama alivyozoea, naye anatulia. Kisha anafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anachagua mstari wa ujumbe wa hitilafu ili amtumie mwenzake, anabonyeza Ctrl na C, na kazi ya kuhifadhi nakala za data iliyokuwa ikiendelea kwa saa nzima inakatika. Ndani ya dirisha lile sheria ya zamani bado inatawala, na kunakili huhitaji Shift iongezwe. Kwenye Mac hatari hiyo haipo, kwa sababu Command na Ctrl hazikuwahi kuchanganywa. Kwa mtu anayeshinda kwenye terminali, mpango wa Apple ni bora, na nasema hivyo nikijua kwamba wapenzi wa Linux hawatanielewa.

Vitufe hata hivyo huzoeleka. Linalochelewa kuzoeleka ni dhana iliyo nyuma yake. Kwenye Windows dirisha ndiyo programu. Ukilifunga dirisha la mwisho kwa alama ya X, kwa kawaida programu imekwisha. Kwenye Mac programu inasimama peke yake na dirisha ni mojawapo ya mali zake. Unaweza kuyafunga yote na programu ikabaki hai, menyu yake ikiwa juu ya skrini na kitone chini ya picha yake. Ndiyo maana mfanyakazi mpya hubonyeza kitufe chekundu siku nzima akidhani anafunga programu, na jioni anashangaa kuona 12 zikiendelea. Kuzima programu ni Command na Q. Kwa sababu hiyohiyo, Alt na Tab ya Windows hupita dirisha kwa dirisha, ilhali Command na Tab ya Mac hupita programu kwa programu. Mwenye hati mbili za Word hatazipata kwa njia hiyo, bali kwa Command pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab katika kibodi za Kimarekani. Hata ile menyu iliyobandikwa juu ya skrini, ambayo huwakera wageni, ina hoja yake: Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake, na ukingo wa skrini hauwezi kupitilizwa hata ukiusukuma mshale kwa pupa.

Nitoe mfano wa mgongano wa dhana katika kitendo kidogo sana. Kwenye Windows ukichagua faili na kubonyeza Enter, linafunguka. Kwenye Mac, Enter katika orodha ya mafaili inamaanisha badilisha jina. Mtu anachagua mkataba, anabonyeza Enter, anaona hakuna kilichofunguka, anaanza kuchapa akidhani ameshaingia ndani, na jina la faili linafutika na kubaki herufi alizochapa. Command na Z italirudisha, ila ni lazima kwanza atambue kilichotokea. Kufungua ni Command na O. Kuhamisha faili nako kuna kanuni yake: hukati, unanakili kwa Command na C, halafu unabandika kwa Command, Option na V, kwa hoja kwamba faili lisining'inie hewani kati ya vitendo viwili. Hoja ni nzuri, ila hakuna mgeni atakayeigundua bila kuambiwa.

Kwa anayeshughulika na seva, zile kompyuta zinazohudumia tovuti, tofauti ziko pia kwenye majina. Unix ilikuwa imeshatumia mkwaju (/) kutenganisha folda tangu mwanzo wa miaka ya 1970. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, haikuwa na folda, na mkwaju ulikuwa umeshapewa kazi ya kuongeza chaguo kwenye amri, hivyo folda zilipoletwa mwaka 1983 ilibidi utumike mkwaju wa kinyume (\). Isitoshe, kwenye Linux faili la Ripoti.pdf na la ripoti.pdf ni mafaili mawili, ilhali Windows huyahesabu kuwa moja. Picha zilizoonekana vizuri kwenye kompyuta ya mtengenezaji wa tovuti zinaweza kutoweka zikipandishwa kwenye seva ya Linux kwa kosa la herufi kubwa moja tu.

Afanyeje basi mtu wa wiki ya kwanza? Mipangilio ya Mac inaruhusu kubadilishana kazi za Ctrl na Command, na wengi hushauri hivyo. Sikubaliani nao: kompyuta ya mwenzako haitakuwa imebadilishwa, na utakapofungua terminali utajikuta umeyageuza pia yale yaliyokuwa sawa. Mwelekeo wa kusogeza ukurasa, ambao Apple iliugeuza mwaka 2011, ubadilishe upendavyo. Hilo halimdhuru mtu. Kilicho na faida zaidi ni kutumia menyu hata kama ni polepole, kwa sababu mkato wa kila amri umeandikwa kando yake, na mkono unajifunza kwa kutenda baada ya jicho kuona. Kwenye Mac, menyu ya Help ina kisanduku cha kutafutia. Andika jina la amri, na mshale utakuonyesha ilipo. Na kufungua programu kwa kuandika jina lake kunapatikana katika mifumo yote mitatu: Command na kitufe cha nafasi kwenye Mac, kitufe chenye nembo ya Windows kwenye Windows na pia kwenye Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux.

Wanaotumia Mac ofisini na Windows nyumbani mara nyingi huishia kuwa na mazoea mawili yasiyogombana, kila moja likiitwa na kibodi yake, meza yake na sura ya skrini yake. Mazoea hayo hutibuka pale mtu anapokaa kwenye Mac na kuingia kwa mbali katika kompyuta ya Windows ya ofisi: vidole viko kwenye kibodi moja, macho yako kwenye mfumo mwingine, na baadhi ya programu za kuunganisha hutafsiri Command kuwa Ctrl kwa mikato kadhaa na kuiacha mingine. Wenye uzoefu hulifungua dirisha hilo lijae skrini nzima badala ya kuliacha dogo pembeni, ili macho yaone mfumo mmoja tu kwa wakati mmoja.