Moonlight Graham hakuacha besiboli siku ile

Watu wengi wanaomjua Archibald "Moonlight" Graham, mchezaji wa besiboli wa Marekani, wamemjua kupitia sinema moja ya 1989, Field of Dreams, basi wanakuambia jamaa alicheza siku ya mwisho ya msimu wa 1922, hakupata hata zamu ya kupiga, kesho yake akatundika glavu akawa daktari. Sio hivyo jamani. Mechi ilikuwa 29 Juni 1905, msimu uko katikati kabisa, timu yake New York Giants wanaichapa Brooklyn 11-1, akaingizwa mwishoni asimame kule nyuma upande wa kulia kudaka mipira ya mbali. Kwenye kupiga, yeye ndo alikuwa anafuata, mwenzake akatolewa, zamu ya timu yao ikaisha kabla hajapiga, basi, hiyo ndo ligi kuu yake yote.

Lakini besiboli haikuishia hapo! Alirudi ligi za chini akacheza mpaka 1908, sanasana na timu ya mji wa Scranton, na alikuwa mpigaji mzuri kweli, na udaktari alikuwa ameshausomea Chuo Kikuu cha Maryland huku akiwa bado anacheza.

1909 akahamia Chisholm, Minnesota, mji wa machimbo ya chuma, akawa daktari wa shule kwa zaidi ya miaka 40, watoto wa wachimba migodi akiwapa miwani bure, akawapima presha mwaka hadi mwaka na utafiti wake ukachapishwa 1945. Mtu wa namna hii kuitwa "aliyekosa bahati" mi naona tunamwonea sana. Alifariki 1965, na sio 1972 kama sinema inavyosema.