Sefu ya Bei Nafuu Ikikutana na Moto wa Makuti

Niliwahi kuitwa nyumba moja hapa Malindi iliyoungua usiku. Makuti yalikuwa yamekwisha yote, zimebaki kuta na majivu. Ufunguo wa sefu ulikataa kuzunguka, nikakata mlango kwa grainda. Ndani, zulia la bitana lilikuwa limeyeyuka na kugandamana na rafu. Bastola ilikuwepo, ila mpini wake wa plastiki umelegea na kuinama. Hati ya shamba ilikuwa jani jeusi. Mwenyewe alipoigusa ikamomonyoka mkononi. Akanitazama: "Fundi, si nilinunua sefu?"

Alinunua sefu ya kuzuia mwizi. Nyingi ninazoletewa ni bati la milimita moja na nusu, mbili ikizidi, limebandikwa zulia kwa ndani. Zulia halizuii joto, ni pambo tu. Na chuma hupitisha joto kama sufuria.

Katika tanuri la kupimia uimara wa vitu kwenye moto, joto hufika takriban nyuzi 540 za Selsiasi baada ya dakika 5, na 840 hivi dakika ya 30. Kwa sefu za nyaraka, kipimo kinachotumika sana kinataka ndani pasizidi nyuzi 177, maana kupita hapo karatasi huanza kuharibika. Bati tupu haliwezi kabisa.

Zile zenye maandishi ya kuhimili moto huwa na vibao vya jipsamu, ile nyeupe inayotumika kwenye dari, katikati ya kuta. Jipsamu ina maji ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ikipata moto, maji yale hugeuka mvuke na kula joto. Yakiisha, kinga imeisha, na sefu hiyo haifai tena kwa moto wa pili. Kwa hiyo ukiona "dakika 30" mlangoni, muulize muuzaji: kwa joto la nyuzi ngapi, na nani aliyepima? Wako watengenezaji wanaojipimia wenyewe kwa joto la chini. Alama ya RSC, ya sefu za nyumbani za kuzuia wizi, inayotolewa na UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, nayo isikuchanganye. Ngazi yake ya kwanza inahusu dakika 5 za mwizi mwenye vifaa vya mkono. Moto ni kipimo kingine.

Mvuke ule hauendi nje wote. Mwingine huingia ndani na kulowesha bunduki. Kwa chumvi ya hewa yetu, kutu haichelewi. Hata bila moto, sefu ya jipsamu huku pwani hushika unyevu, kwa hiyo weka vipakiti vya kunyonya maji na uifungue mara kwa mara ipate hewa.

Makuti yenyewe huwaka upesi na kuisha. Kinachoua sefu ni boriti na fanicha zinazoendelea kuwa makaa hadi asubuhi. Lamu ndiyo nahofia zaidi, kwa sababu gari la zimamoto halipiti vichochoroni, na sakafu za juu zimebebwa na boriti. Boriti zikiungua, sefu inaanguka na pengine mlango unapasuka. Iweke chini kabisa, kwenye kona ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, na uifunge kwa boliti.

Ombi langu kubwa ni hili: usiache risasi kwenye chemba ya bunduki, pale nyuma ya mtutu inapofyatuliwa. Risasi iliyo nje ya bunduki ikipata joto hupasuka, lakini haina nguvu ya risasi iliyofyatuliwa. Iliyo ndani ya mtutu hutoka kama kawaida, na mbele yake wako majirani wenye ndoo.

Moto ukizimwa, usikimbilie kufungua. Hewa ikiingia kwenye sefu ambayo bado ina joto kali, karatasi zilizosalimika zinaweza kuwaka hapo hapo. Ngoja ipoe kabisa, kisha siku hiyo hiyo kausha silaha na uipake mafuta. Usiifyatue hata ikionekana nzima, maana springi zilizopata joto kali hupoteza ugumu wake bila kuonyesha. Piga ripoti polisi, kisha ikaguliwe na fundi wa silaha.

Wenye pesa chache nawaambia wachukue ya bati nene, hata kama haina maandishi ya moto, waifunge vizuri pale chini. Nakala za hati waziache kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine.