Programu ya Simu Inasema Mapigo 122: "Ave Verum Corpus" Ina Mwendo Gani?

Mei ikifika, wanakwaya wa hapa Moshi huanza kunirushia rekodi ya "Ave Verum Corpus" ya Mozart kwa WhatsApp, maana Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo imekaribia. Siku hizi rekodi inakuja na picha ya programu ya simu iliyokwisha kuupima wimbo: mapigo 122 kwa dakika, ufunguo D flati meja, hali "furaha". Chini yake swali: "Mwalimu, tufuate hii?"

Msifuate. Tuanze na mwendo, maana hapo ndipo kwaya nyingi zinapoharibikiwa.

Programu hizi hutafuta mdundo. Wimbo huu hauna ngoma wala gitaa la besi. Una sauti nne, nyuzi na ogani, na vyote vinaingia taratibu. Programu ikikosa cha kushika hubahatisha, na kosa lake la kawaida ni kuzidisha mapigo kwa mbili au kuyagawa. Wewe una njia bora: kipande kizima kina mita (vyumba vya nota kati ya mistari ya wima) 46 tu, kila moja ina noti za robo nne, yaani robo 184. Tazama rekodi ina urefu gani, kisha piga hesabu. Ikichukua dakika 3, ni robo 61 hivi kwa dakika. Ikichukua dakika 4, ni 46. Ile 122 ni 61 iliyozidishwa, basi. (Ondoa kwanza sekunde za kimya na za makofi.)

Kuna jambo jingine ambalo nota nyingi za sol-fa tunazonakiliana hazilionyeshi. Mozart aliandika Adagio, yaani polepole, lakini alama yake ya mizani ni C iliyokatwa mstari: mita inahesabiwa mapigo mawili makubwa, si manne. Adagio ya mapigo mawili hutembea. Mwalimu akipiga nne nzitonzito, kila silabi inakuwa na uzito sawa, na "a-ve ve-rum cor-pus" inageuka hatua za askari. Piga mbili, hata kama kasi ni ileile. Utasikia soprano wanaanza wenyewe kuunganisha maneno.

Ufunguo ni D meja, ndivyo ulivyoandikwa. Kwa nini basi simu iseme D flati, nusu-toni chini yake? Sababu moja ni jinsi ala zinavyolinganishwa sauti. Leo noti A ya kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde, lakini makundi yanayotumia ala za kizamani mara nyingi hupiga Mozart kwa 430, na hiyo ni chini kwa karibu asilimia 40 ya nusu-toni. Programu inabaki katikati ya D na D flati, halafu inachagua. Sababu ya pili tunaijua sisi tuliokulia kwenye kaseti. Kanda ikizunguka taratibu kwa asilimia 6 hivi, wimbo unashuka nusu-toni nzima na mwendo unashuka pamoja nao. Kwa hiyo rekodi ya zamani ikiwa chini na pia ikiwa ya kujikokota, shuku mashine kabla ya kumsifu kondakta kwa utulivu wake. Na kwaya yenu ikihitaji kushuka nusu-toni, kinanda cha umeme kina kitufe chake, si dhambi.

Sasa hiyo "furaha". Programu imeona meja, ikahitimisha kuwa ni furaha. Nyimbo nyingi tunazoimba tukienda kuzika ziko kwenye meja, na hakuna anayecheka. Hali ya wimbo huu inatoka ndani ya melodia. Soprano wanaanza so, wanapanda do ya juu, wanashuka mi. Halafu inakuja so, fe (fa iliyopandishwa nusu-toni), fa, nusu-toni mbili mfululizo kwenda chini. Fe hiyo ndiyo roho ya ukurasa wa kwanza. Waimbaji wavivu huiruka juujuu na wimbo unakuwa mtamu kama soda. Baadaye maneno yanapofika ubavu uliochomwa, "cujus latus perforatum", muziki unaacha nyumba ya D na A, unaingia F meja, mbali kidogo na kwao. F nayo ni meja, tena giza linaongezeka! Kisha kwenye "esto nobis" soprano na alto wanatangulia, tenor na besi wanafuata mita moja nyuma, na mvutano unajengwa hadi "in mortis examine", katika jaribu la kifo.

Haya yote yameandikwa chini ya agizo moja la sauti: sotto voce, kwa sauti ya chini. Mozart alikitunga Juni 1791 kwa ajili ya Anton Stoll, kiongozi wa muziki wa parokia ya Baden karibu na Vienna. Ilikuwa kwaya ya mji mdogo, si ya opera, ndiyo maana noti zenyewe si ngumu. Ugumu uko kwenye pumzi.

Kwenye robo 46, "mortis" ya mwisho itawaua tenor wenu. Kanisa lenye mwangwi mrefu linavumilia 54, kwa sababu kuta zinajaza mapengo. Chini ya bati, au ukumbini penye mapazia mazito, nendeni 60 hadi 63, na wapangeni besi wavute pumzi kwa zamu.