Kidole gumba cha Warumi: mchoro wa 1872 si ushahidi

Upo ujumbe unaozunguka miaka nenda miaka rudi katika makundi ya mtandaoni, ukiambatana na picha ya uwanja wa mapambano wa Roma, unaodai kuwa watazamaji walipoelekeza kidole gumba chini, mpiganaji aliyeshindwa alipaswa kuuawa. Picha hiyo haikutoka enzi za Warumi. Ni mchoro wa rangi za mafuta uliokamilishwa mwaka 1872 na Mfaransa aliyefuata mtindo wa kiakademia, yaani ule uliofundishwa katika vyuo rasmi vya sanaa, akaupa jina la Kilatini Pollice Verso, yaani kidole gumba kilichogeuzwa. Maneno hayo yamo kweli katika shairi la kale la Kirumi, na yeyote anaweza kulitafuta akalisoma, ila hayasemi kidole kiligeuzwa upande gani.

Kwamba watu wamechanganyikiwa, hilo linaeleweka. Mchoraji huyo alilainisha rangi hata alama za brashi zisionekane, na kofia za chuma alizichora kwa kufuata zile zilizofukuliwa Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya volkano. Jicho likishaona chuma kinavyong'aa namna ile, huamini na kidole pia. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.