Salfa, chumvi na rupia: namna ninavyohifadhi sarafu za kale Mtwara

Kuanzia mwezi wa Juni, mikorosho inapojiandaa kutoa maua, mifuko ya salfa huingia katika nyumba nyingi za Mtwara kwa ajili ya kuzuia ubwiri unga, na ni katika miezi hiyo hiyo ninapoletewa sarafu za fedha zilizogeuka nyeusi. Mwaka uliopita mzee mmoja wa Naliendele aliniletea rupia ya mwaka 1890, sarafu ya fedha ya wakati wa Wajerumani, ile yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wao, akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Aliirithi kwa baba yake, akaitunza ndani ya kitambaa kwa miaka mingi bila tatizo lolote, mpaka alipolihamishia sanduku lake stoo na kuliweka juu ya mifuko miwili ya salfa.

"Mwanangu, hii imekufa?" aliniuliza.

Haikuwa imekufa. Upande wa nembo ulikuwa na weusi unaong'aa kibuluu, lakini upande wa sura, ambao mjukuu wake alikuwa ameusugua kwa ndimu na majivu kabla ya kuja kwangu, ulikuwa mweupe uliojaa mikwaruzo midogo isiyofutika. Upande alioudhani umeharibika ndio uliobaki na thamani.

Salfa haihitaji kuigusa sarafu ili iibadilishe rangi. Hata ikiwa ndani ya mfuko, hutoa mvuke kidogo sana, na mvuke huo unapokutana na fedha huunda utando wa salfaidi ambao huanza kwa rangi ya manjano, hupita katika kahawia na buluu, kisha huishia kwenye weusi. Utando huo ni mwembamba mno na hauli sarafu kwa kina kama kutu inavyokula msumari, kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara huuacha ulivyo na kuondoa chanzo chake. Vyanzo vingine vyenye salfa ni rababendi za kufungia noti, vitambaa vya sufu na baadhi ya makaratasi magumu ya bei nafuu, vitu ambavyo watu wengi huvitumia kwa nia njema kabisa ya kutunza.

Kwa sarafu za shaba adui ni chumvi, na kwa sisi tunaoishi Shangani au Mikindani chumvi hiyo huja na upepo hadi chumbani. Hela za Wajerumani (neno letu "hela" limetokana na sarafu hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1904), pesa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilizotangulia, na pesa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria zote ni za shaba au mchanganyiko wake, na zote hushikwa na maradhi ambayo wataalamu huyaita ugonjwa wa shaba. Kloridi, yaani sehemu ya chumvi hiyo, iliyojificha ndani ya sarafu hukutana na unyevu na hewa, hutengeneza asidi, asidi hula shaba zaidi, na kloridi hubaki ikiwa tayari kuanza upya, ndiyo maana sarafu inaweza kuendelea kuliwa hata baada ya kuondolewa pwani. Kijani kilichokolea, kigumu chenye uso laini kama rangi iliyopakwa, si cha kuogopwa. Kijani cha kuogopwa ni kile kilichofifia, chenye unga unaodondoka ukikigusa kwa kijiti cha meno. Sarafu ya namna hiyo mimi huitenga na wenzake siku hiyo hiyo, huiloweka katika maji yaliyotoneshwa ambayo huyabadilisha mara kwa mara kwa majuma kadhaa, kisha huikausha kabisa, kwa sababu bila unyevu mzunguko huo hauendi.

Niongeze hapa kwamba vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, ambavyo vitano kati yake viliokotwa hata katika visiwa vya Wessel huko Australia mwaka 1944, si vya kuchimba wala kununua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda. Ukikiona kimoja mchangani Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, kiache mahali pake na umwarifu ofisa wa mambo ya kale. Usikisugue ili usome jina, maana maandishi yake ya vina mara nyingi yamebaki katika tabaka lile lile unalotaka kuliondoa.

Adui wa tatu hununuliwa dukani. Albamu nyingi zenye mifuko laini ya plastiki, inayonuka kama pazia jipya la bafuni, zimetengenezwa kwa PVC, na katika joto letu plastiki hiyo huchuruza mafuta yenye asidi ambayo huacha uteute wa kijani juu ya sarafu. Uteute ukiwa bado mpya huondoka kwa kuichovya sarafu katika asetoni safi, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa kuwa huongezwa manukato na mafuta. Ukichelewa, chini ya uteute utakuta mashimo.

Mimi hutumia vyombo vya kawaida vya jikoni vyenye mfuniko unaobana na namba 5 chini yake, maana namba hiyo huonyesha polipropilini, plastiki isiyodhuru sarafu. Namba 3 ni PVC. Kila sarafu hukaa katika kibahasha chake cha poliesta, nami huishika ukingoni tu, kwani jasho la kidole ni chumvi pia. Ndani ya chombo naweka silika (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya chungwa na kipima unyevu kidogo, na silika ikibadilika kuwa kijani naikausha katika oveni kwa nyuzi 120 hivi mpaka rangi irudi. Mchele, ambao watu huutia simu zilizolowa, hauna kazi hapa isipokuwa kuleta vumbi na wadudu.

Shilingi za mwaka 1966 zenye mwenge ni za shaba na nikeli na hazisumbui. Zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 zinazonaswa na sumaku ni chuma kilichopakwa nikeli, na zikichubuka ukingoni hupata kutu halisi, kwa hiyo nazo huzitia chomboni.

Rupia ya mzee sikuisafisha. Niliitia chomboni na silika yake, nikamwomba alihamishie sanduku chumbani, kwenye ukuta usioelekea baharini, na salfa aipeleke kwenye kibanda cha shambani. Juni hii alinionyesha: weusi uko vile vile, haujaongezeka.