Kwa nini kitabu cha nyuki hukaa kwenye 638.1?

Kijana mmoja wa Sikonge aliingia maktaba ya mkoa, Tabora mjini, simu mkononi. Alitumiwa WhatsApp picha ya mzinga na maelezo ya kuutengeneza, akataka kujua kama ni ya kweli. Mkutubi akampeleka kwenye rafu iliyobandikwa 638.1.

Namba hiyo ni kama anwani ya nyumba. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey aliyagawa maarifa yote katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900. Fungu la 600 ni la sayansi za matumizi. Ndani yake 630 ni kilimo, 638 ni ufugaji wa wadudu, na hiyo .1 ndiyo nyuki. Kila tarakimu inakusogeza karibu na unachokitafuta.

Ninachokipenda zaidi ni majirani. Ukirudi nyuma kidogo unafika 634.9, misitu. Mrina asali wa Tabora anaishi kwa miombo, na hapo anaweza kuokota kitabu cha miti ambacho hakuwa na wazo la kukiomba. Simu inakupa ulichoandika, na mara nyingi kinachotangulia ni tangazo lililolipiwa.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 9.6. Hofu ya wakati ule ilikuwa waliotoka ngumbaro, yaani madarasa ya watu wazima, kusahau herufi kwa kukosa cha kusoma, ndiyo maana yakaanzishwa magazeti na maktaba za vijijini. Sasa cha kusoma kimefurika, usiku na mchana. Kisomo kinachohitajika leo ni cha kupima: nani kaandika, lini, na anauza nini? Kazi hiyo imewaangukia wakutubi, na naiona nzito kuliko kupanga vitabu.

Yule mama mkutubi wa Tabora alikifungua kitabu cha nyuki ukurasa wa mwanzoni, akaweka kidole: jina la mwandishi, mchapishaji, mwaka.

"Haya mwanangu, nitafutie hivyo vitatu kwenye simu yako."

Kijana akapandisha, akateremsha, akapandisha tena. Kisha akaiweka simu mezani, akavuta kiti.